Mvuna Chumvi wa Gongoni Anayesaidia Kutafuta Uhai Mirihi

Jua ndiyo kwanza linachomoza Gongoni, na Everlyne Mapenzi yumo bwawani tayari, maji ya chumvi yakimfika vifundoni. Maji yenyewe ni ya waridi. Anainama, anajaza chupa, anaifunga kwa nguvu na kuitia ndooni, kisha anachukua reki kwenda kuvuna chumvi na wenzake.

"Rangi hii ni ya viumbe hai," anasema. "Wadogo mno, jicho haliwaoni. Wanaishi mahali ambapo samaki angekufa."

Chupa ni za Nahla Mazin, mtafiti kijana kutoka Malindi. Sayari ya Mirihi iliwahi kuwa na maji, na yalipokauka yaliacha chumvi. Nahla anataka kujua viumbe wa namna hii wanavumilia ukavu kwa muda gani, ili wanaotafuta uhai huko wajue pa kuchimba.

Mwaka jana kazi yote nusura iharibike. Bwawa la utafiti lilipangwa kuvunwa, na Nahla alikuwa amelazwa na malaria. Everlyne alimwendea msimamizi, Mzee Nzai.

"Nisimamishe kazi kwa ajili ya wadudu?" Nzai aliuliza.

"Kona moja tu, mzee. Nitaivuna mwenyewe baadaye."

"Mkubwa wa kampuni akiikuta, kibarua chako kitaota nyasi."

"Na kiote," alijibu, akaenda kusimama kwenye ile kona, reki mkononi, hadi wavunaji wakapita kando.

Mkubwa alikuja kweli. Alimsikiliza, akaondoka. Kona ikabaki.

Chumvi ya kona hiyo ilikaa kavu miezi kadhaa. Nahla alipoirudishia maji, alimwita Everlyne aangalie kwenye hadubini.

"Wale viumbe walikuwa wanatembea!" anasema Everlyne. " Nilipiga kelele mpaka askari wa getini akaja mbio."

Mama yake Everlyne, Kadii, mkulima wa Jilore, hakushtuka alipoelezwa. "Sasa mkiwapata huko juu, mtawafanyia nini?"

"Tutajua hatuko peke yetu, mama."

"Mimi sijawahi kuwa peke yangu."

Everlyne anacheka akisimulia. Januari anaanza masomo ya ufundi wa maabara mjini Kilifi. Ada amejiwekea akiba mwenyewe.

"Iko siku udongo wa Mirihi utaletwa duniani," anasema. "Watahitajika watu wa kuufungua na kuuchunguza. Siku hiyo wasiende kutafuta mbali. Mimi nitakuwa nimeshajifunza."