Assumpta na farasi asiyejua kusimama

Saa moja na nusu asubuhi, mvua nyembamba inanyesha kijijini Kilvarna, na Assumpta Heffernan hafanyi kitu. Amesimama juu ya kipandio cha mbao katikati ya uwanja wa mchanga nyuma ya nyumba yake, koti limemlowa mabegani, mkono mmoja uko juu ya tandiko la farasi mrefu wa kahawia. Midomo yake inacheza. Anahesabu.

"Ishirini na sita... ishirini na saba... tulia, kijana wangu... ishirini na nane..."

Kabla ya thelathini farasi anapiga hatua moja mbele. Assumpta hafoki wala hachapi. Anashuka, anamrudisha nyuma hatua ile ile moja, anapanda tena kwenye kipandio na kuanza upya: moja, mbili, tatu.

"Jana aliishia kumi na nne," anasema huku akijifuta mvua puani. "Kwa hiyo leo ni sikukuu."

Farasi huyo anaitwa Fergus. Ana miaka sita, uzito wa kilo mia tano na thelathini, na ameshindana mara kumi na nne bila kushinda hata moja. Aliwahi kushika nafasi ya pili, siku ambayo, kwa maneno ya Assumpta, "wenzake watatu walianguka na wa nne alipotea njia". Sasa amestaafishwa. Ili apate pa kuishi, anatakiwa kujifunza jambo ambalo hata punda wa kubeba kuni analijua: kusimama kimya mtu anapompanda.

Siku yake ya mwisho ya kujifunza ni Jumapili. Leo ni Jumatano.

Anayemsubiri ni jirani, Malachy Tuohy, tarishi mstaafu mwenye miaka sitini na minane. Fergus alizaliwa kwenye malisho yanayopakana na nyumba ya Malachy, mikononi mwa Colm, kaka yake Malachy, ambaye alifariki miaka miwili iliyopita. Colm hakuacha mke wala mtoto. Aliacha koti, baiskeli na farasi huyu mmoja aliyekuwa ameshamuuza kwenye zizi la mbio.

"Baiskeli nimeipanda," anasema Malachy. "Koti nimelivaa. Amebaki huyu."

Tatizo ni nyonga ya kulia ya Malachy. Ni ya chuma, ya mwaka jana, na mguu wake unachukua muda wa Salamu Maria mbili kuvuka mgongo wa farasi. Peter Considine, mwenye zizi la mbio, amekubali kumwachia Fergus kwa bei ya kirafiki, lakini kwa sharti moja.

"Simkabidhi mtu mwenye nyonga ya chuma farasi anayeondoka kabla abiria hajakaa," alisema Considine. "Jumapili nakuja kuona kwa macho yangu. Asiposimama, Jumanne anakwenda mnadani."

Hakusema kwa ubaya, na Assumpta anamtetea. Ila kila mtu Kilvarna anajua ni nani hununua mnadani farasi asiyeshinda na asiyepandika, na anajua pia kwamba hamnunui ili ampande.

Watu wengi humwona Fergus mkorofi. Assumpta akisikia hivyo huwa mkali.

"Mkorofi wapi? Huyu ni mtiifu kuliko mapadri wote wa jimbo. Anafanya alichofundishwa."

Katika zizi la mbio, anaeleza, hakuna anayesimama. Kuna farasi arobaini wa kufanyishwa mazoezi kabla ya saa nne, kwa hiyo joki, yaani mpanda farasi wa mbio, anakunja goti la kushoto, mtunza farasi anamdaka muundi na kumrusha juu huku farasi anatembea. Joki akishakaa anakaza hatamu, na hapo farasi anajua kazi imeanza. Akikazwa zaidi, anakimbia zaidi.

"Ukimvuta hatamu farasi wa mbio ukidhani unafunga breki, ujue umekanyaga mafuta," anasema, na kucheka.

Ni nani basi aliyemfundisha Fergus? Hapo kicheko kinapungua.

"Mimi," anasema. "Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Alikuja ana miaka mitatu, anashangaa kila ndoo. Joki wa kwanza kukaa mgongoni mwake nilimrusha mimi, akiwa anatembea, na baadaye nikampa tufaha kwa kutosimama."

Assumpta, ambaye ana miaka hamsini na tano, alikuwa mtunza farasi kwa Considine kwa miaka ishirini na miwili. Aliwahi kupiga hesabu: majoki kumi kwa siku, siku sita kwa juma. Inapita marusho elfu sitini. Bega la kulia lilipogoma, aliondoka na kukodi mabanda manne nyuma ya nyumba, ili awafundishe upya farasi waliostaafishwa mbio. Wenye farasi wanamlipa euro mia na themanini kwa juma kwa kila mmoja, na nusu yake inaliwa na farasi mwenyewe. Mchana anauza mikate dukani. Mpaka sasa ameshawapatia nyumba farasi kumi na mmoja, mmoja wao yuko kwa mtawa.

Kwa Fergus, majuma matatu ya kwanza hakugusa tandiko. Kazi yote ilifanyika miguu ikiwa chini. Kamba ndefu, mtu na farasi: yeye akitembea, farasi atembee; yeye akisimama, farasi asimame; akimtazama kiunoni, farasi asogeze sehemu yake ya nyuma pembeni. Kisha akaleta kipandio alichokigongelea mwenyewe kwa paleti mbili. Siku ya kwanza Fergus alikiona kama jini. Siku ya nne alikinusa, na ya tano alikitafuna.

"Akipiga hatua, namrudisha. Akisimama, namkuna hapa juu ya mabega na tunapumzika wote," anasema Assumpta. "Farasi wa mbio hajawahi kupewa zawadi ya kutofanya kitu. Mwanzoni alinitazama kama nimerukwa na akili."

Alhamisi saa tatu asubuhi, Fergus anasimama kwa hesabu ya sitini, mara tano mfululizo. Assumpta anampigia simu Malachy, naye anafika na kofia ngumu mpya, bei bado imening'inia nyuma.

"Umekuja kupanda au kuirudisha dukani?" anauliza Assumpta.

"Niipime kwanza. Nikianguka nairudisha."

Malachy anapanda kwenye kipandio. Fergus amesimama kama nguzo. Malachy anakusanya hatamu, anazikaza barabara kama mtu anayefunga kifurushi cha posta, anatia mguu wa kushoto kwenye kikuku, na Fergus anaondoka. Malachy anabaki amelala kifudifudi juu ya tandiko, anasafirishwa uwanja mzima kama gunia, kisha anateleza taratibu hadi kwenye rundo la majani makavu.

"Uko hai?" anapiga kelele Assumpta, anakimbia.

"Miaka thelathini na minane nimepeleka barua!" sauti inatoka kwenye majani. "Nimeng'atwa na mbwa kumi na mmoja na bata mmoja! Sikujua mauti yangu yapo kwa farasi wa Colm!"

Anacheka, anainuka na kujikung'uta majani. Wanajaribu tena mara mbili. Mara zote mbili Fergus anaondoka, mapema zaidi. Malachy anavua kofia na kuishika kifuani.

"Tumwache, Assumpta. Considine ana haki yake. Mimi si wa farasi tena."

Assumpta anashika kamba. Anamrudisha Fergus bandani, kisha anamwita mzee ndani, anakata mkate wa magadi, anapaka siagi, anamimina chai. Yeye mwenyewe hana hamu ya kula. Anakiri baadaye kwamba alikuwa karibu kulia. Miaka ishirini na miwili alikuwa amejenga kitu kwa uhodari, na majuma machache hayakutosha kukibomoa.

Malachy anasimulia tena safari yake ya gunia, na kila anapofika pale farasi alipoondoka, vidole vinakibana kikombe mpaka vinakuwa vyeupe. Assumpta anaviangalia. Anaweka kisu chini.

"Malachy. Si farasi. Ni wewe."

"Mimi nimefanya nini tena?"

"Umemwambia aondoke."

"Sijafungua mdomo!"

"Mikono yako imesema. Unaogopa, unakaza hatamu. Fergus anasikia: haya, twende. Kwangu anasimama kwa sababu nimezilegeza shingoni. Mjinga ni mimi. Nimemfundisha farasi peke yake, nikasahau abiria."

"Kwa hiyo nisiogope?"

"Ogopa tu, bwana. Ila ogopea pengine."

Hapo ndipo chai ikaingia kazini. Kuanzia mchana ule, Malachy anapanda kwenye kipandio akiwa na kikombe kilichojaa mkono wa kushoto, ule unaopenda hatamu. Hatamu zimelala kwenye shingo ya farasi. Mkono wa kulia unapapasa tandiko. Anaegemea, anahesabu, anashuka. Chai ikimwagika, amejikaza, wanaanza upya.

Kikombe cha kwanza kinaingia chote kwenye mkono wa koti la Colm.

"Wewe mwanamke, hii ya moto!"

"Basi usitetemeke!"

Ijumaa vinamwagika vikombe tisa. Jumamosi viwili. Assumpta anamfunga Fergus mkanda wa ngozi shingoni, ili siku yenyewe mkono wa kushoto uwe na pa kushika pasipo na maana kwa farasi. Hadi Jumamosi jioni wamerudia mara thelathini na saba, chai imetulia, Fergus amesinzia, mdomo wa chini umelegea. Lakini mguu wa kulia haujavuka hata mara moja. Nyonga imechoka, na Assumpta anakataa kuilazimisha.

"Kesho mara moja tu," anamwambia. "Moja ikitosha, imetosha."

Jumapili baada ya misa, Peter Considine anafika na koti lake la kanisani na viatu visivyotaka matope. Anasimama kando ya uzio, anaangalia saa.

"Haya," anasema. "Nionesheni."

Assumpta anamleta Fergus kando ya kipandio na kusimama karibu na kichwa chake, kamba imelegea. Malachy anapanda na kikombe mkononi. Considine anakunja uso.

"Hicho nini?"

"Chai," anasema Malachy. "Nishikie."

Mwenye zizi lenye farasi arobaini anapokea kikombe, kwa kuwa hakuna mwingine wa kukipokea. Malachy anashika mkanda wa shingoni. Mguu wa kushoto unaingia kwenye kikuku. Anajiinua. Mguu wa kulia unapanda, unapanda, unafika kwenye kiuno cha farasi na kukwama hapo, na kisigino kinampiga Fergus mgongoni.

Sikio moja la Fergus linageuka nyuma. Mkono wa kushoto wa Malachy unaachia mkanda na kwenda kwenye hatamu. Assumpta anauona. Hasemi kitu, maana akisema atawashtua wote wawili. Mkono unasita juu ya ngozi ya hatamu, vidole vimefunguka, kisha unarudi kwenye mkanda.

Fergus anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Anashusha pumzi ndefu. Hasogei.

Mguu unavuka. Malachy anakaa chini taratibu sana, kama mtu anayekaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa. Assumpta anahesabu kimoyomoyo, na anasema baadaye kwamba alifika tisini na nne kabla Malachy hajanyoosha mkono kumwelekea Considine.

"Chai yangu."

Anainywa yote akiwa pale juu, na machozi yanamtoka wazi wazi bila kuyaficha. Kisha wanazunguka uwanja mara mbili, mwendo wa kutembea tu, hatamu zimelegea, na Malachy anamweleza Fergus habari za Colm kwa sauti ya chini.

Considine anakuna kidevu. "Umemfanyaje?"

"Nimemfundisha kusimama," anasema Assumpta. "Ungenisaidia sana kama usingenifanya nimfundishe kuondoka kwanza. Una farasi wangapi wanaoanza mwezi huu?"

"Kumi na tisa."

"Hesabu ya thelathini kila mmoja, kila asubuhi. Dakika kumi kwa wote. Samaki mkunje angali mbichi, Peter."

"Majoki watanicheka wakipandia kwenye masanduku."

"Wacheke. Kipandio ninacho, na mbao za cha pili ninazo."

Considine anatazama viatu vyake, ambavyo sasa ni matope matupu. Anaagiza kimoja, kwa majaribio, mpaka Krismasi.

Akiulizwa anatumaini nini baada ya hapo, Assumpta hataji mabanda zaidi wala bei kubwa zaidi. "Natumaini nikose kazi," anasema. "Wakitoka kule wanajua kusimama, nani ataniletea farasi? Nitauza mikate kutwa. Nitafurahi."

Jumatatu asubuhi anakipandisha kipandio kwenye gari lake dogo la mizigo, akipeleke kwa Considine. Mlango wa nyuma bado uko wazi Malachy anapopita na Fergus, ambaye sasa ni wake, akimpeleka malishoni alikozaliwa. Farasi anakiona kipandio, anaacha njia, anakwenda kusimama kando ya gari, sambamba nacho, na hatikisiki. Malachy anamwita, anavuta kamba kidogo, anamwomba. Fergus anasubiri mtu apande.

"Mwache," anasema Assumpta, na kuanza kuhesabu. "Moja, mbili, tatu..."