Mama Aliyenifuata Soko la Ruiru

Hii nitawaambia mara moja tu na mtu asinicheke katikati, kwa sababu hata mimi nikiikumbuka nikiwa nafua, natupa nguo kwa beseni nasema "ghai!" peke yangu kama mwendawazimu. Mimi, mama mzima wa mtoto, nilifanya soko la Ruiru litake kumuua mwanamke ambaye alikuwa ananisaidia. Haya, mmesikia.

Kwanza mjue mimi si mjinga. Mtu nisiyemjua akinifanyia wema, mkono wangu unaenda kwa pochi wenyewe. Nilifunzwa. Kuna siku nilishuka matatu hapo Witeithie na mtoto mgongoni na mfuko mzito, kijana mmoja mpole, shati imepigwa pasi, akaniambia, "Mathe, lete nikubebee," nikasema asante Mungu, kumbe vijana wa adabu bado wako, na huyo kijana wa adabu alipita katikati ya maduka na mfuko wangu na mpaka leo sijamwona (ndani kulikuwa na nepi na unga wa uji wa mtoto, natumaini aliupika ukamkaba). Halafu kwa grupu ya wamama wa ploti yetu huko Mugutha hakukosi mtu wa kutuma onyo, ati kuna mwanamke anaiba watoto, na ukiuliza anakaaje unaambiwa ni mtu mzima, amevaa vizuri, anasalimia watu kwa heshima. Sasa hiyo ndiyo dalili! Heshima!

Basi siku hiyo nilienda sokoni kumtafutia Kui sweta ya mitumba kwa sababu baridi ya Julai ilikuwa imeingia. Kui ni msichana wangu, wakati huo hata hajaanza kutembea lakini uzito ni wa gunia la mahindi. Nikamteremsha nikamnyonyesha nikiwa nimekalia furushi la muuzaji mmoja wa mitumba, akashiba, nikasimama nimrudishe mgongoni. Na mnajua vile huwa: unainama, mtu yeyote aliye karibu, hata kama hamjuani, anakuwekea mtoto, anatupa leso juu, wewe unafunga, mnaachana. Hakuna mama wa huku hajawahi kusaidiwa hivyo. Kando yangu kulikuwa na mama mmoja wa makamo, kofia ya kusuka na rinda safi, anachagua soksi. Akaniambia, tena kwa upole:

"Mami, inama nikuwekee mtoto."

Kwa upole! Nikamwangalia kutoka kofia mpaka viatu.

"Sijaomba."

"Haya, pole. Nilikuwa nasaidia tu."

"Saidia wako."

Muuzaji akanung'unika, "Aii kastoma, mtu anakuongelesha vizuri namna hiyo..." Nikamwambia auze nguo. Nikainama peke yangu, mkono mmoja kwa mtoto, kona ya leso kwa meno, mfuko kwa kiwiko, nikafunga fundo la hasira, na fundo la hasira, wacha niwaambie, halishiki.

Nikaondoka. Nasimama kwa nyanya, naona kofia. Navuka upande wa viatu, kofia iko nyuma. Naongeza mwendo, nayo inaongeza. Nasikia, "Mami! Mami, ngoja!" najifanya kiziwi (kwani mwizi wa mtoto angekuita nani, mheshimiwa?). Nikakunja kona ya wauza viazi, na hapo ndipo nikahisi mikono. Miwili. Chini ya mtoto wangu. Imeshika, inainua.

Nikapiga nduru ambayo nadhani ilisikika mpaka Thika.

"Mwizi! Anaiba mtoto! Wooi, mtoto wangu!"

Nageuka nimkamate, lakini mtoto ako mgongoni, nikigeuka mtoto anageuka, na yeye amemshika kwa hivyo na yeye anageuka, mimi nazunguka, yeye anazunguka, Kui katikati anacheka kabisa akidhani ni mchezo, tukazunguka hapo kama watu wa harusi na uso wake sikuuona hata mara moja. Watu wakajaa. Jamaa wa kupakua viazi akamshika yule mama begani akamvuta, nikasikia rinda likipasuka. Mwingine alikuwa ameshainua ubao.

"Mwachilie mtoto!"

"Siwezi!"

"Ati huwezi? Unataka tukuchome hapa?"

"Nikimwachilia ataanguka!" yule mama akalia. "Nipigeni, lakini kwanza mtu ashike mtoto! Leso imefunguka!"

Nikapeleka mkono kifuani, mahali fundo hukaa. Hakukuwa na fundo. Leso ilikuwa inaning'inia bega moja, na kati ya kichwa cha mtoto wangu na ile simiti hakukuwa na kitu kingine ila mikono ya huyo mwizi wangu.

"Mwacheni!" nikapiga kelele tena, mara hii sauti ikitoka nusu. "Si mwizi. Mwacheni!"

Ubao ukashuka. Sasa wote wakanigeukia mimi, wasichana wa siku hizi hivi, wasichana wa siku hizi vile. Mwenye ubao akaniambia, "Madam, ungefanya tuue mtu."

"Na wewe huo ubao ulitoa wapi haraka hivyo?" nikamuuliza. "Uliuliza nini kwanza?" Akaangalia viazi.

Yule mama alikuwa bado amemshika Kui.

"Inama," akasema.

Nikainama, mbele ya soko lote. Akamweka mtoto sawasawa, akatupa leso, akaivuta mpaka nikakohoa, akafunga mwenyewe.

"Mama, nisamehe, aki sikujua..."

"Nilikuita."

"Nilisikia," nikasema, kwa sababu ningesema nini?

"Najua ulisikia."

Alikuwa ameshikilia rinda begani lisianguke. Nikamwambia twende kwa fundi wa cherehani, ako hapo tu, ashonewe, nitalipa. Akatingisha kichwa.

"Wacha, mami. Leo sitaki kusaidiwa na mtu nisiyemjua."

Akaenda, watu wakampisha, hakuna hata mmoja wa wale waliomvuta aliyesema pole.

Na msidhani nimekuwa mtu wa kuamini watu. Siamini. Ukinibebea mfuko natembea nimeushika upande wa pili. Lakini mkono ukinigusa mgongoni siku hizi, naangalia kwanza ni wa nani na unafanya nini, na lile neno mwizi nimeapa halitatoka kinywani mwangu kabla macho hayajaona, kwa sababu watu wa sokoni huhitaji kuambiwa mara moja tu.