Aproni ya Chai Mbele ya Moto

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, Priscah Chepkosgei, mpishi wa shule moja ya bweni karibu na Roret, alilazwa hospitalini akiwa na jeraha la moto kwenye paja la kushoto. Hilo limethibitishwa: kadi ya hospitali ipo, na kovu lipo.

Priscah, ambaye wengi humwita Mama Kipkirui, ni mzaliwa wa Kimulot. Alichuma chai kwa miaka kumi na tisa, hadi mashine za kuchumia zilipochukua nafasi ya mikono yake, akaajiriwa jikoni mwa shule. Hakupewa vazi la kazi. Hakuna mpishi pale aliyewahi kupewa. Akaja na aproni yake ya shambani, ile ya plastiki ambayo wachumaji hujifunga kiunoni wasiloweshwe na umande. Wenzake watatu walifanya vivyo hivyo, maana wote walitoka kwenye chai. Shambani plastiki hiyo humkinga mtu. Mbele ya moto huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Mwezi Februari shule ilijengewa jiko jipya la kuni, lenye mlango wa chuma na bomba la moshi. Jiko hilo lina sharti moja: kifuniko cha bomba kifunguliwe kwanza, ndipo mlango. Ukitangulia kufungua mlango, moto hukurukia. Wapishi hawakuambiwa. Asubuhi ile ya Juni Priscah alitangulia kufungua mlango, moto ukairukia aproni.

Wiki tatu baadaye naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Gekara, alimwita ofisini. Alikwenda akichechemea, ameshikwa mkono na mpishi mwenzake, Janefer Nyaberi. Mezani palikuwa na barua iliyosema kwamba Priscah alipuuza mafunzo aliyopewa, na kwamba anaacha kazi kwa hiari yake. Kando yake, kidau cha wino.

“Weka kidole hapa tu, Mama Kipkirui, tumalize.”

“Nimepuuza mafunzo gani, Mwalimu?”

“Ya jiko. Tarehe tisa Februari. Jina lako hili hapa kwa orodha, na sahihi.”

Janefer akaiinamia orodha. “Tarehe tisa? Si ndiyo siku mlitupikisha chapati za wageni? Nyinyi mlikuwa kwa holi mnafundishwa jiko, sisi tuko kwa jiko tunawapikia! Wewe ulikula sita, Mwalimu. Mimi ndiye nilikupakulia.”

“Nyaberi, hukuitwa hapa.”

“Hata kwa mafunzo sikuitwa. Na jina langu naliona.”

Waliofundishwa siku hiyo walikuwa Gekara, mtunza stoo na walimu wawili. Walipewa vyeti. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliwasha jiko lile.

Priscah aliitazama sahihi iliyo mbele ya jina lake, yenye mikunjo mizuri ya kalamu. Kisha akakitazama kidau.

“Mwalimu, unaniletea wino kwa sababu unajua sijui kuandika. Sasa hii niliandika na nini?”

Gekara alikifunika kidau.

“Mguu mmechoma,” Priscah akasema. “Kidole hamtapata.”

Akatoka.

Hadi leo barua ile haina alama ya kidole. Priscah hajafutwa, wala hajarudishwa jikoni. Wenzake wangali wanapika wakiwa wamejifunga plastiki. Ni nani aliyetia sahihi kwa jina la Priscah Chepkosgei, haijulikani.