Masikio ya Udongo

Wajukuu huniuliza kwa nini babu yao ananiita Mfinyanzi, nami huwa nawakwepa. Leo nasema, mcheke mmalize.

Kiangazi, pamba ikishauzwa, sisi wasichana tulishinda lamboni: Minza, Kabula, Holo na mimi. Tunaogelea, halafu tunafinyanga ng'ombe na watu wa udongo. Siku hiyo nilimfinyanga Masanja, mchumba ambaye sijawahi kumwona. Ng'ombe zake za mahari zilikuwa njiani, na kaka yangu Luhende alizisubiri hizo hizo ili naye aoe.

Akaja mchungaji kunywesha ng'ombe, vumbi hadi kwenye kope, kofia ya pama imemshuka usoni. Sikumjali. Kwa akili yangu, bwana harusi huja na suti.

"Huyo nani, dada?" akauliza, akiionyesha sanamu yangu.

"Mchumba wangu. Wanasema ana masikio kama nyungo."

"Na utamkubali hivyo hivyo?"

"Si nitapata kivuli?"

Minza alicheka mpaka akatumbukia majini. Mchungaji akaniomba ile sanamu, nikampa kwa mikono miwili.

Jioni nikawapelekea wageni wa mahari maji ya kunawa, nimepiga magoti, macho chini, mpole kama sijawahi kufika lamboni. Mgeni wa mwisho akavua pama. Nikayaona masikio.

Akatoa sanamu mfukoni, akaiweka mbele ya baba. Mlangoni, Luhende akajishika kichwa.

"Mzee," akasema Masanja, "ng'ombe nimeleta zote. Ila huyu binti yako kanipunja masikio."