Siku Nilipopita Bila Kusalimia

Hata leo, nikikutana na majirani wa mtaa wetu hapa Ibanda, naangalia chini, kwa sababu waliniona nikigaagaa kwenye vumbi na rinda langu jeusi, nikimlilia mtu ambaye wakati huo alikuwa sokoni akichagua sombe, majani ya muhogo.

Nilikuwa chef, yaani mkuu wa ofisi, wa majaribio katika shirika dogo la kusambaza maji, na siku hiyo Directeur wetu alikuwa anakuja kutoka Uvira kuangalia kama timu inanifuata, ndipo aamue kunithibitisha au kunirudisha nilikotoka. Sikulala. Asubuhi macho yalikuwa mekundu kama ya mlevi (pombe sinywi), nikavaa nguo nyeusi ili nionekane mtu wa maana. Basi nikaamua jambo dogo tu. Ofisini kwetu kila asubuhi chef anampa kila mtu mkono, anauliza nyumba, watoto, usingizi, na hiyo inakula muda. Nikajiambia, leo hapana, leo wataona kiongozi. Nikapita katikati yao moja kwa moja, nikasema, “Musinisumbue,” nikafunga mlango, nikazima simu, nikaanza kukariri hotuba yangu.

Hotuba haikushika kichwani. Nikasikia viti vikivutwa, minong'ono, kisha kimya, nikafurahi (mjinga mimi!) kwamba wanafanya kazi.

Directeur alipobisha nilifungua kwa tabasamu nililolifanyia mazoezi. “Karibu, nikuonyeshe timu.” Nikafungua chumba kikubwa: hakuna mtu. Chai ilikuwa imepoa mezani. Tukatoka mpaka langoni, nikamuuliza mlinzi watu wako wapi.

“Maman chef, pole sana,” akasema, akivua kofia. “Balishatangulia kwako.”

“Kwangu kufanya nini?”

“Ku kilio ya maman yako.”

Ndugu zangu, mama yangu, ninayeishi naye, alikuwa ametoka hospitali wiki iliyotangulia, na ofisi nzima ilikwenda kumtazama. Kwa hiyo sikuuliza swali lolote. Niliona tu kwamba simu yangu ilikuwa imezimwa, kwamba watu walinitafuta wakanikosa, kwamba nilikuwa nakariri maneno huku mama anakata roho, nikapiga ukelele pale pale mbele ya Directeur, akanishika mkono, akaniingiza kwenye gari lake mwenyewe.

Nyumbani walikuwa wamekwisha kutandaza turubai. Benchi za parokia zimepangwa, kitambaa cheusi kimefungwa langoni, kwaya ya majirani imeanza wimbo. Niliposhuka nikilia, waliokuwa bado na shaka wakaona ndiyo hivyo, wote wakapasuka kwa kilio. Nikajitupa chini.

Sijui nililia muda gani. Ninachokumbuka ni sauti ile ninayoijua tangu tumboni, ikitetemeka nyuma ya watu: “Yesu wangu, ni nani amekufa mu nyumba yangu? Ni mutoto?”

Wimbo ukakatika. Mama alikuwa amesimama na kikapu chake. Espérance, katibu wetu, aliruka benchi, akakimbia mpaka barabarani bila viatu. Mimi nilimshika mama miguu, nikawa namuuliza yeye, “Ni weye? Ni weye kweli?” naye akanipiga kofi la begani: “Simama! Unajichafua mbele ya batu!”

Directeur akauliza nani aliyeleta habari ya kifo. Papa Bahati, dereva wetu, akainuka.

“Directeur, hakuna mutu alisema. Maman chef alipita bila kutupa mukono, macho nyekundu, na nguo ya kilio. Tukajua tu. Kitu gani ingine ingemufanya apite vile?”

“Na hakuna aliyemuuliza?”

“Alikataza. Na mulango alifunga.”

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze, maana Directeur hakuwatazama wao tena, alinitazama mimi. Mama ndiye aliyeokoa saa ile. Alisema chakula cha kilio chake hakitaoza yeye akiwa na meno, akawagawia wote foufou, Directeur wa kwanza.

Directeur alipomaliza kunawa mikono akaniita pembeni. “Timu yako nimeiona. Ni watu wazuri sana. Weye ndiye sijakuona bado. Tutaongeza miezi mitatu.”

Miezi hiyo inaendelea, na sidanganyi, bado naogopa. Lakini nimeapa: siku nikiogopa nitawaambia wazi, “Batu yangu, leo niko naogopa,” na wakitaka kunicheka wanicheke hadi machozi yawatoke. Kicheko nitakivumilia. Kumlilia mama yangu huku yeye ananitazama, sirudii tena.