Kathure na Ripoti ya Mwaka 1920

Kathure alikuwa ameuguza watu kwa miaka ishirini na miwili, nusu Meru, nusu Texas, na wodini hakuna aliyemfikia kwa kutoa ripoti. Zamu ikiisha alisimama mlangoni pa chumba, mikono mitupu, akakwambia mgonjwa aliingia na nini, amefanyiwa nini, na wewe unayebaki uangalie nini. Intisar, binti wa Kizanzibari aliyeajiriwa juzi tu, ambaye ripoti zake alizisoma neno kwa neno kutoka karatasini, alibaki kumtazama na kutikisa kichwa.

Lakini cheo cha kusimamia wodi kilitaka digrii, na digrii yenyewe ilikuwa imebakiza somo moja: historia ya Marekani. Ndiyo sheria ya Texas. Usomee uuguzi, usomee kuunda ndege, chuo cha umma hakikupi digrii mpaka uvijue vita vyao na marais wao. Kathure alinung'unika wiki nzima. Yeye na Mfereji wa Panama wapi na wapi?

"Wewe soma tu, mama Gakii," mumewe Mwenda alimwambia. "Mwili wa binadamu uliumeza wote, mfupa kwa mfupa. Utashindwa na mfereji?"

Basi akameza. Alisoma vile alivyofundishwa Meru: kitabu unakikariri, na siku ya mtihani unamrudishia mwalimu maneno yake yakiwa mazima, bila kupunguza hata koma. Hiyo ndiyo heshima. Alikariri akikanda chapati, alikariri ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali, mpaka sura yote ya 1898 hadi 1920 ikalala kichwani. Siku ya mtihani aliandika saa moja unusu bila kuinua uso, akatoka akitabasamu.

Siku tatu baadaye ikaja barua pepe. Insha yake ilifanana na kitabu neno kwa neno, kurasa mbili na nusu, na alishukiwa kuiba. Aje Ijumaa saa nne asubuhi ajieleze kwa profesa. Akishindwa, somo limeanguka, digrii imekwenda, na jina lake litabaki kwenye faili kama mdanganyifu.

Sikufichi, mama wa watu alilia. Alilia pale jikoni kwao Euless, mji ulio jirani na uwanja wa ndege, ndege zikipita juu ya paa moja baada ya nyingine, na wala hakulilia cheo. Kuitwa mwizi wa jasho lako mwenyewe, hilo ndilo lililomliza.

"Kwani uliiba?" Mwenda aliuliza.

"Hata neno moja."

"Kitabu kiko wapi?"

Kathure akajigusa paji la uso. "Kiko hapa."

"Basi kibebe hicho hicho umpelekee."

Ijumaa, Profesa Whitlow, mzee mrefu wa maneno machache, aliweka kitabu mezani. Kathure hakungoja salamu ziishe. "Fungua ukurasa wowote wa sura ile," alisema. Mzee akafungua, na Kathure akaanza kutiririka. Akamaliza ukurasa, akaingia wa pili, akasoma kwa kichwa hata maelezo yaliyo chini ya picha. Profesa alikuwa akifuata kwa kidole, mwisho kidole kikasimama.

"Nakuomba radhi. Hukuiba," alisema, akakifunga kitabu. "Lakini siwezi kukupa alama kwa hili. Haya ni ya kitabu. Ya kwako yako wapi? Niambie wewe, nchi hii ilipatwa na nini miaka ile?"

Hapo akakwama. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwomba ya kwake. Akainuka, maana kukaa kitini hakujawahi kumsaidia kufikiri, na alipogeuka akajikuta amesimama mlangoni.

Akakohoa kidogo. "Mgonjwa ni Marekani," alisema. "Aliingia mwaka 1898, baada ya kupigana na Hispania, na hamu ya kula visiwa. Puerto Riko, Guam, Ufilipino, vyote alivimeza mara moja. Mwaka 1903 akataka njia ya kupita Panama. Kolombia ikakataa, naye akawaunga mkono waliojitenga nayo. Kule homa ya manjano ilikuwa imewashinda Wafaransa. Yeye alipigana na mbu kwanza, ndipo akachimba. Hapo nampa heko, hiyo ni kazi ya wauguzi."

Profesa akavua miwani.

"Nyumbani hali ilikuwa mbaya. Watoto viwandani, nyama chafu makoponi. Mwaka 1906 akaandikiwa sheria ya chakula na dawa, akapata nafuu. Vita vya Ulaya alivikwepa karibu miaka mitatu. Halafu nyambizi za Ujerumani zikazamisha meli zake, na hao Wajerumani wakaiahidi Meksiko Texas hii hii tunayokaa. Mwaka 1917 akaingia. Mwaka uliofuata mafua yakaangusha wanajeshi makambini, hata hapa Fort Worth. Vita vilipokwisha, rais wake mwenyewe akapendekeza dawa, ushirika wa mataifa. Seneti ikaitema."

"Na hali yake mwaka 1920?" Profesa aliuliza taratibu.

"Amekatazwa pombe, na hajafurahi. Wanawake wamepata kura. Lakini usiandike kwamba amepona." Kathure alikaza sauti. "Hapa Texas, wengi wa wanawake wa rangi yangu watarudishwa mlangoni pa kituo cha kura. Hicho ni kidonda kilichofungwa bandeji juu juu. Anayeshika zamu akifungue, akisafishe, na asiogope harufu."

Mzee akaivuta insha yake, akakata alama aliyokuwa ameandika juu yake, akaandika A. Alisema amefundisha somo hilo miaka thelathini na hajapata kulisikia hivyo. Kathure alimshukuru kwa adabu zote, akashuka ngazi polepole, akaingia garini, akafunga madirisha, na humo ndani akajipigia vigelegele.

Digrii ilitoka Mei, cheo Juni. Asubuhi ya kwanza ya Kathure kama msimamizi wa wodi, Intisar alikuja kumpa ripoti, karatasi mbele ya uso, akianza kusoma. Kathure akaichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni.

"Uliyoandika nimeyaamini, mdogo wangu," alisema. "Sasa niambie wewe, mgonjwa ana nini?"