Yule Mama wa Dirishani

Sehemu ya kwanza ya filamu ile sijaiona mpaka leo, wala siitafuti. Nachingwea ilifika sehemu ya pili peke yake, kanda moja ya video iliyochoka, na mwenye banda akawa anaionyesha kila Krismasi kana kwamba ni sehemu ya misa. Tukitoka kanisani na nguo zetu mpya zinazowasha shingoni, tunakula pilau haraka haraka, halafu mbio bandani. Watoto wa majirani zetu Waislamu walikuja pia, kama sisi tulivyokwenda kwao siku ya Idd. Banda lilikuwa la udongo, madirisha yamezibwa kwa magunia, jenereta linanguruma nje, na ndani joto la kuivisha ndizi. Hakuna aliyelalamika.

Filamu yenyewe ilikuwa ya Kizungu, ya kuchekesha. Mzee mmoja mnene amebeba keki kubwa ya Krismasi, anakatiza nayo mji mzima kwenye theluji, na kila anapogeuka keki inapatwa na jambo. Mbwa anailamba. Bendi ya tarumbeta inampitia. Anateleza, anainuka, anaipangusa kwa mkono wa koti na kuendelea. Mwisho anafika kwenye nyumba ndefu, anaita, na dirisha la juu linafunguka. Mwanamke anatoa kichwa na kumsemesha.

Sisi Kiingereza hatukukijua. Aliyetutafsiria alikuwa kaka yangu, mkubwa wetu nyumbani. Alikaa juu ya kreti la soda kando ya televisheni, maiki mkononi, sauti ya filamu imepunguzwa, yeye akisema maneno ya watu wote: ya mzee, ya polisi, ya watoto, hata ya mbwa. Alikuwa ameishia kidato cha pili na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini nani alijali? Kwa kaka, yule mzee alikuwa mtu wa Kiegei, kijiji cha huku kwetu, na alikuwa anakwenda Chinongwe ukweni kumrudisha mkewe aliyenuna. Keki ilikuwa zawadi ya wakwe. Polisi waliomsimamisha walimuuliza kama korosho zake amezikausha vizuri. Na kwa kuwa sehemu ya kwanza hatukuwa nayo, kila mwaka kabla ya kuanza alitusimulia yeye kilichotokea humo, na kila mwaka kilikuwa kingine. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua.

Mama yetu alifariki mimi bado natambaa. Picha yake hatuna hata moja. Kaka alikuwa tayari kijana, alimjua vizuri. Krismasi ya kwanza niliyoruhusiwa kuingia bandani, alinishika bega mlangoni, akaniambia, "Yule mwanamke wa dirishani nitamsemesha kama mama alivyokuwa anaongea. Msikilize."

Nikamsikiliza. Dirisha likafunguka, kaka akabadilisha sauti, ikawa nzito kidogo na ya kuvuta maneno, Kiswahili cha mtu aliyelelewa kwa Kimwera. "Nawa miguu kwanza! Utaniletea habari na matope yako?" Kisha, kwa sauti ya kuteremka, "Haya, umekuja kweli au unapita tu?" Banda zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa namsikia mama yangu.

Kila mwaka nilirudi kwa ajili ya hapo tu. Mengine yote, keki na mbwa na tarumbeta, niliyavumilia. Nikakua, nikaenda chuo, nikawa mwalimu wa sekondari, nikazaa. Wanangu wakirudi kutoka kucheza huwa nawaambia mlangoni, "Nawa miguu kwanza, utaniletea habari na matope yako?" Wakiniuliza nimeyatoa wapi, nawaambia ndivyo bibi yenu alivyokuwa anasema. Ndicho kitu pekee cha bibi yao nilichonacho cha kuwapa.

Krismasi hii iliyopita, binti yangu alinisikia nikiisimulia filamu ile kwa mara ya mia, akaitafuta kwenye simu, akaipata, akaihamishia kwenye kompyuta yangu. Tukakaa sebuleni baada ya chakula cha mchana. Picha ilikuwa safi mno, hadi nikaona kwamba koti la mzee ni la kijani, wakati miaka yote nililijua la kijivu. Na sasa Kiingereza nakielewa. Ningekuwa na akili ningeiacha.

Yule mzee hana mke. Keki anampelekea bosi wake ili asifukuzwe kazi. Na yule mwanamke wa dirishani si mtu wake kabisa. Anamwambia amekosea nyumba, aondoke, kisha anafunga dirisha. Basi, ni hayo tu. Hata muuza maua anayepita nyuma ana maneno mengi kuliko yeye.

"Mama," binti yangu akasema, "mbona huyu hasemi kunawa miguu?"

"Nyamaza tuangalie," nikamjibu kwa ukali. Hakuwa na kosa lolote.

Nilijisikia vibaya, na ubaya wenyewe ulizidi kadiri siku zilivyokwenda. Kwamba kaka alitunga nilijua tangu zamani, hakuna mji wa Wazungu unaoitwa Kiegei. Lakini nilidhani alitunga pembeni, na kwamba chini yake palikuwa na kitu. Sasa nikajiuliza: aliyeweza kumtunga mke, wakwe na Chinongwe nzima ili watu wacheke, alishindwa nini kumtunga mama? Watu walipenda mwanamke mkali wa dirishani, naye alijua kuwapa wanachopenda. Pengine mlangoni pale alinifurahisha tu, mtoto asiye na mama, siku ya sikukuu.

Baba alishafariki. Mama mkubwa naye alishatutoka. Aliyebaki duniani ambaye alimsikia mama kwa masikio yake ni kaka, na kaka yuko Ruangwa kwa mkewe, amepooza upande wa kulia tangu msimu wa ufuta. Hasemi.

Nilikwenda Januari, kabla shule hazijafunguliwa, na kompyuta yangu nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Gari lilikwama kwenye tope, tukashuka kusukuma, nikafika kwa wifi yangu na viatu mkononi. Kaka alikuwa kwenye kiti cha kamba barazani, amenyolewa, shati limefungwa vifungo mpaka juu.

"Leo kaamka vizuri, wifi," wifi akaniambia. "Mwongeleshe tu. Hospitali walisema tumwongeleshe."

Niliweka kompyuta juu ya stuli mbele yake, nikawasha. Alipomwona mzee na keki, upande mmoja wa uso wake ukacheka. Kwa mbwa alicheka kwa sauti, na wifi akatoka jikoni kuja kuona, mikono ina unga, amefurahi. Mimi nilikuwa nangoja dirisha. Lilipofunguka, midomo ya kaka ikaanza kucheza. Shingo ikamsimama. Kikatoka kitu kama mtu anayekohoa, kikatoka tena, kisha mwanamke akafunga dirisha lake na kaka akabaki mdomo wazi.

Nikasimamisha filamu. Nikapiga magoti mbele yake.

"Kaka, yale maneno ya dirishani. Ya kunawa miguu. Mama alikuwa anayasema kweli?"

Akaitikia kwa kichwa.

Siwezi kueleza nilivyofurahi. Niliushika ule mkono wake uliolala nikaubusu. Ningeishia hapo, nikala ugali wa wifi, nikarudi zangu Nachingwea. Lakini mimi ni mwalimu, na jibu nisipolipima silali.

"Au uliyatunga wewe, kaka?"

Akaitikia kwa kichwa, vilevile, ananitazama kwa upendo mtupu.

"Kaka," nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuipenda, "leo ni Pasaka?"

Akaitikia.

Wifi akaacha unga wake akaja kuninyanyua pale chini. Mama alipozikwa sikulia, nilikuwa natambaa. Nilimlilia siku ile Ruangwa, mchana, huku wifi akinipigapiga mgongo na kunihakikishia kwamba kaka atapona.